Wifi Aliyeajiriwa Bila Swali

“Hawakuniuliza hata swali moja!”

Wifi yangu aliingia na maneno hayo kibandani kwangu, akautupa mkoba juu ya kitambaa nilichokuwa nakikata, akajishika kiuno. Uso ulikuwa umemvimba kama mtu aliyeibiwa.

“Hata jina?” nikamuuliza.

“Jina walikuwa nalo kwenye karatasi.”

“Basi ndiyo wamekunyima kazi hivyo. Pole.”

“Wamenipa!”

Niliweka mkasi chini. Nilidhani sikusikia vizuri, maana kaka yangu, ambaye ndiye mumewe, hutengeneza redio kwenye baraza ya kibanda changu, na siku hiyo alikuwa na moja inayokoroma kama mtu mwenye mafua.

“Wamekupa kazi?”

“Palepale. Hata kiti sijakipasha moto. Jumatatu saa moja asubuhi niwe wodini, nisipofika anaitwa mwingine. Sasa niambie wewe, wifi, hospitali gani yenye akili zake inamwokota mtu namna hiyo? Mimi nimesoma vidonda vya kulalia kama mtoto wa mtihani, nimesoma dripu, nimesoma namna ya kumtuliza ndugu wa mgonjwa anayepiga kelele. Nafika pale, hakuna anayetaka kujua! Ule si usaili. Ile ni dharau.”

“Lakini si umepata, Mama watoto?” kaka akasema kutoka barazani.

“Nyamaza wewe na redio zako!”

Kaka akanyamaza. Redio nayo ikanyamaza.

Huyo ndiye wifi yangu. Mtaani tunamwita Sindano, na mgeni akisikia jina hilo kabla hajamwona hutegemea kamwanamke kembamba kanakoweza kupita kwenye ufa wa mlango. Wifi yangu akiingia mlangoni, mlango unasubiri. Ana mabega ya kubeba gunia na nyonga ambazo mimi, fundi, nikizipima huzungusha mkanda, nikaukosa upande wa pili, nikaufuata. Jina alipewa kwa ajili ya ulimi. Akikuchoma, unakaa upande mmoja siku nzima.

Ni muuguzi wa kweli, ana cheti na leseni yake. Lakini kazi ya kuajiriwa, yenye mshahara mwisho wa mwezi, alikuwa haijui. Alikuwa akifanya kazi kwenye zahanati ya daktari mmoja aliyekuwa rafiki ya marehemu baba yake. Sisi tunamwita Daktari Wiki Ijayo. Tangu wifi yangu alipoingia pale, mtoto wake wa kwanza akiwa bado anatambaa, mzee yule humwita “mwanangu”, na kila akiulizwa habari ya ajira hujibu, “Wiki ijayo tukae tuzungumze, mwanangu.” Mtoto aliyekuwa anatambaa sasa anavaa viatu vya baba yake. Bado hawajakaa. Akikumbuka humpa kibahasha, asipokumbuka humpa baraka.

Na mimi pale zahanati nina jambo langu, niliseme mapema nisije nikasahau. Siku moja kuliletwa mtoto aliyeungua uji, shati limegandamana na ngozi. Wifi yangu akaja mbio kibandani, akanipokonya mkasi mkononi nikiwa katikati ya gauni la bibi harusi, akaenda nao. Mtoto akapona, Mungu ashukuriwe. Mkasi haukurudi. Ulikuwa mkasi mzito wa chuma, nilioachiwa na fundi aliyenifundisha kazi, unapita kwenye kitambaa kama mtu anayeteleza. Tangu hapo nakata na kimkasi kinachotafuna nguo kama mbuzi. Nikimdai, wifi ananikazia macho: “Kwa hiyo wifi unataka mtu afe kwa ajili ya kitambaa?” Nami narudi kwenye kimkasi changu.

Turudi kwenye kazi.

“Hebu nieleze taratibu,” nikamwambia. “Uliingia, ukafanyaje?”

“Niliingia. Matroni yuko mezani, ana funguo shingoni kama mlinzi wa ghala. Pembeni kijana mmoja wa ofisi, anapiga miayo. Nikasalimia. Matroni akachukua cheti changu, akatazama. Akachukua leseni, akatazama, akapiga simu sijui wapi, akasoma namba, akasema asante. Halafu akanitazama mimi. Wifi, alinitazama! Kuanzia hapa mpaka hapa. Akasema, ‘Simama.’ Nikasimama. Akasema, ‘Geuka.’ Nikageuka. Akasema, ‘Inua mikono.’ Nikainua. Akamwambia yule kijana, ‘Huyu huyu.’ Akaniambia, ‘Hongera, Jumatatu.’ Kwisha!”

“Labda alitaka kuona kama una nguvu za kunyanyua wagonjwa.”

“Angeuliza! Mdomo anao.”

Akaketi kwenye kibao cha wateja, kibao kikalalamika. Akaanza kunihesabia mashaka yake. Labda hospitali ile wagonjwa wanakufa hovyo na wauguzi wanakimbia. Labda kuna ugonjwa wa kuambukiza, wanatafuta wa kumtanguliza. Labda wanataka mtu wa kubebeshwa kesi.

“Mimi siendi,” akamalizia. “Kazi inayopatikana haraka hivyo ina kasoro. Bora kwa mzee wangu, angalau pale wananijua.”

“Wanakujua ndiyo, ndiyo maana hawakulipi.”

“Umeanza.”

Niliinama nikajifanya natafuta pini. Msomaji, mimi nilikuwa najua kwa nini wifi yangu kaajiriwa. Nilijua tangu aliposema “inua mikono”.

Sare za wauguzi wa hospitali ile nazishona mimi. Mwaka uliopita walikuwa na muuguzi mmoja mkubwa wa umbo, mama wa heshima, akashonewa sare nne mpya za kitambaa kizuri kizito. Kabla hajazivaa, akapata safari ya nje ya nchi, akaenda zake. Sare zikabaki stoo. Mhasibu wao ni mtu anayelala na ufunguo wa kabati mkononi. Akaweka amri: hakuna kununua kitambaa kipya cha sare mpaka zilizopo stoo zivaliwe. Matroni akaniletea nizipunguze. Nikamwambia, mama, hizi nikizipunguza mifuko miwili itakutana mbele, muuguzi aonekane kangaruu. Matroni akazikunja, akapumua, akasema, “Basi bora nitafute mwili.” Nilicheka. Yeye hakucheka. Niliposikia tangazo la nafasi ya muuguzi mmoja, sikusubiri jua lizame. Nikampelekea wifi habari ya kazi. Habari ya nguo nikaiacha ikae ilipo.

Sikuona ubaya. Wasichana wote waliotoka chuoni juzi ni wembamba kama njiti. Kwa mara ya kwanza duniani kulikuwa na nafasi ya kazi iliyokatwa kwa vipimo vya wifi yangu, nami ningekaa kimya?

Na sikukaa tu. Nilimfanyia na mazoezi. Nilikaa nyuma ya cherehani na pini mdomoni, nikawa jopo zima. “Ndugu msailiwa,” nasema kwa sauti ya pua, “mgonjwa amelala mgongo siku nyingi, utamfanyaje?” Naye anasimama katikati ya vipande vya vitambaa, mikono nyuma, anajibu kama anasoma habari redioni. Mimi niliyeishia darasa la saba, mwisho wake nilikuwa naweza kukugeuza kitandani na kukufunga kidonda bila kukuuliza. Tulifanya maswali yote ya kazi. Kaka alikuwa anapiga makofi barazani kila jibu likiisha, hata likiwa la kukosea.

Kumbe wifi alikuwa anayapenda maswali yale kuliko kazi yenyewe. Hilo sikuliona mpaka Jumamosi.

Jumamosi asubuhi dereva wa hospitali alishusha mfuko kibandani. Zile sare nne. Matroni anasema nizipige pasi na kukaza vifungo, mwenye kuzivaa ataanza nazo Jumatatu. Nilikuwa ndiyo nimeitandika ya kwanza mezani, wifi huyo, amekuja kuniambia kwa mara ya tano kwamba haendi.

Akaiona. Akasahau alichojia.

“Ndiyo zangu hizi?”

“Ndizo.”

Akaishika kola, akaipapasa. Mtu anayejua nguo utamjua kwa namna anavyoishika. Pale zahanati alikuwa anavaa koti la daktari lililochakaa, halifungi mbele, akitembea linapepea kama mlango uliovunjika bawaba. Akanitazama kama mtoto anayeomba, akaingia nyuma ya pazia.

Alipotoka, jamani. Nguo ilimkaa. Mabega yalikaa, kiuno kilikaa, pindo liliishia pale linapotakiwa kuishia. Kaka aliinua kichwa kutoka kwenye redio, bisibisi mkononi, akasahau kuishusha.

Wifi akajigeuza mbele ya kioo, akainua mikono juu, nguo haikupanda. Akacheka. “Wifi, wewe fundi! Imekaa kama nimezaliwa nayo. Ulinipima lini?”

Hapo ndipo nilipoharibu. Sikujibu. Na mimi sijulikani kwa kunyamaza. Ningesema lolote, uongo wowote, angeniamini. Nilikaa kimya nikaokota uzi sakafuni.

Wifi akageuka kutoka kwenye kioo polepole.

“Hujanipima.”

“Wifi...”

“Sare imefika leo. Usaili ulikuwa juzi. Nguo nne, na wewe unapiga pasi tu.” Alisimama akifikiri, mikono bado iko hewani nusu. “Simama. Geuka. Inua mikono.” Akaishusha. “Hizi zilishonwa kwa ajili ya nani?”

Nikamweleza. Ningefanyaje? Nikamweleza muuguzi aliyesafiri, mhasibu na amri yake, matroni na ule mwili anaoutafuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea.

“Kwa hiyo nimeajiriwa kwa makalio,” akasema.

“Na mabega pia.”

“Usinichekeshe!”

“Sikuchekeshi. Cheti chako si walikitazama? Leseni si walipiga simu? Wangemchukua mtu asiye muuguzi kwa sababu ya nguo?”

“Wangechukua hata gunia la mkaa kama limekaa vizuri!” Akaanza kufungua vifungo palepale, kaka akageukia ukuta. “Unajua wifi, baba yangu alinipeleka uuguzi kwa sababu alilazwa mara moja akapenda viatu vyeupe vya nesi. Aliniuliza? Hakuniuliza. Kaka yako huyu alikuja kuposa, wazee wakakaa ndani, wakatoka wanacheka, nikaambiwa nilete maji. Yupo aliyeniuliza? Mzee wa zahanati kanikuta msibani kwa baba, kaniambia ‘mwanangu, kesho uje’. Nikaenda. Sasa nimezeeka, nikasema angalau mara moja watu wazima watakaa mezani, wanitazame machoni, waniulize mimi jambo, nijibu. Wakaniambia geuka!”

Akanitupia sare usoni, akavaa gauni lake, akaondoka.

Nilibaki na ile nguo kichwani. Nataka kusema nilijuta, lakini kwanza nilikasirika, maana nilikuwa nimeshaipiga pasi.

Kaka akaja akaegemea mlango. “Hataenda,” akasema. “Nikimjua mimi, hataenda. Na watoto tumeshawaambia.” Kaka yangu si mtu wa maneno mengi. Redio ameshazoea kuzisikiliza, si kuzijibu. “Nifanye nini, dada?”

“Nenda kamuulize.”

“Nimuulize nini?”

“Chochote! Hujasikia mwanamke analilia nini? Wewe umekaa naye miaka yote, umeshawahi kumuuliza kitu zaidi ya chakula kiko wapi?”

Akaichomeka bisibisi mfukoni, akashika njia ya nyumbani.

Jumapili sikumwona mtu. Jumatatu alfajiri nilikuwa nafunga sare kwenye mfuko nizirudishe hospitali na aibu yangu, mlango ukasukumwa. Wifi. Amevaa gauni lake la kanisani, nywele zimebanwa, uso mkavu.

“Beba hizo nguo, twende.”

“Unaenda?”

“Kaka yako jana kaniuliza kama nataka kwenda.” Alilisema hilo kama anayeonja kitu. “Kaniuliza vibaya, alikuwa anatazama sahani. Lakini kauliza. Nikamwambia nataka. Nataka, ila kwanza wataniuliza na wao.”

“Nani atakuuliza?”

“Twende.”

Tulimkuta matroni mlangoni mwa wodi ya wanawake, funguo zinalia kifuani. Ndani wagonjwa wamejaa, muuguzi mmoja anakimbia na beseni, mtu anaita “nesi, nesi” kutoka kwenye kona. Matroni alipomwona wifi uso ulimng’aa, halafu akaliona gauni la kanisani.

“Mbona hujavaa?”

“Shikamoo, matroni. Naomba kwanza uniulize.”

“Nikuulize nini?”

“Maswali. Ya usaili. Siku ile hamkuniuliza.”

Matroni akanitazama mimi, kama vile huyu mtu nimemshona mimi na nimekosea mahali. Mimi nikatazama mfuko.

“Mama, kazi umeshapata.”

“Iliyopata ni nguo. Mimi bado.”

Nilisema moyoni, basi, kazi imekwenda, nguo imekwenda, na mimi zabuni ya sare imekwenda. Kule kwenye kona yule mgonjwa akaita tena. Matroni alikunja uso. Halafu, labda kwa uchovu, labda kwa sababu hakuna aliyewahi kumwomba kitu kama kile, akashusha mikono na kumtazama wifi yangu machoni.

“Haya. Kwa nini unataka kufanya kazi hapa?”

Maswali yote tuliyofanya, vidonda, dripu, homa, ndugu wakorofi, na hilo moja hatukuligusa! Nani angelifikiria? Mtu anataka kazi kwa sababu ni kazi.

Wifi akatazama wodi. Akatazama mfuko mkononi mwangu.

“Kwa sababu nguo imenikaa,” akasema.

Matroni akanyanyua nyusi.

“Jumamosi niliivaa,” wifi akaendelea, na sauti ilikuwa ya chini kuliko ninavyoijua. “Niliinua mikono, haikunibana. Pale nilipo naitwa mwanangu, na mwanangu halipwi, na koti ninalovaa si langu. Sikuwahi kuvaa kitu cha kazi kikanitosha. Ndiyo hivyo. Na vidonda vya kulalia navijua pia, ukitaka kuuliza.”

“Swali la pili,” matroni akasema. “Kitanda cha kwenye kona, dripu imekwisha na mgonjwa anaita. Utafanya nini?”

Wifi alitupita sote wawili, gauni la kanisani na yote, akaenda kwenye kona. Tukamsikia, “Nimekuja, mama, nyoosha mkono. Nani kakufunga hivi, anafunga kuni?” Yule muuguzi mwenye beseni akasimama kumtazama.

Nilimgeukia matroni nikitegemea aseme neno kubwa. Angalau aseme kwamba amekosea siku ile.

“Mwambie avae,” akasema. “Mhasibu anapita saa nne.”

Jioni hiyo wifi alipitia zahanati kuaga. Sikuwepo, ila alipokuja kibandani alinisimulia kwa sauti zote mbili, yake na ya mzee. “‘Mwanangu, unaniacha? Mimi nilikuwa nataka wiki ijayo tukae!’ Nikamwambia, mzee wangu, nilikuwepo wiki zote. Akaniuliza,” na hapo akaniinulia kidole, “akaniuliza, wifi! ‘Unataka nikupe nini ubaki?’ Leo! Yaani ukishaanza kuulizwa, kila mtu anauliza.”

“Ukamwambia nini?”

“Nikamwambia sitaki kubaki, nataka mkasi. Akasema, mkasi wa zahanati? Nikamwambia wa wifi yangu.”

Akafungua mkoba, akauweka juu ya meza yangu. Mkasi wangu. Ulikuwa umefutwa kwa spiriti mpaka unanuka kama sindano, lakini kwenye mdomo kulikuwa na gundi ya plasta iliyogeuka nyeusi, na ncha moja ilikuwa imepinda. Walikuwa wamekata nao bandeji, mabomba ya mpira, makopo na nadhani waya.

“Deni lako hilo,” akasema. “Usije ukasema Sindano halipi.”

Alisimama akinitazama, bado na sare yake, kola imechafuka kidogo upande mmoja. Niliokota kipande cha kitambaa chini, nikakitia mkasi. Haukukata. Ulikikunja kitambaa, ukakimeza, ukakaa nacho mdomoni.

“Unakata?” wifi akaniuliza.

Nilikichomoa kitambaa taratibu, nikakificha kiganjani.

“Unakata,” nikamwambia. “Kaa uniambie huyo wa kitanda cha kwenye kona anaendeleaje.”